Mapungubwe: mifupa imerudi, dhahabu imebaki



Watu wa kwetu wengi wanaijua Afrika ya Kusini kwa njia ya barabara. Magari makubwa yanayopakia shaba Kolwezi na Likasi yanapita Kasumbalesa, yanakata Zambia na Zimbabwe, yanafika Beitbridge, na pale yanavuka mto Limpopo na kuingia muji wa Musina. Wamama wa biashara wanapita njia ile ile ndani ya basi. Uwaulize wameona nini kule, watakuambia habari za duane, za mustari wa magari, za bei ya vitu. Ni haki yao, maana safari ile ni ya kutafuta chakula cha watoto.

Lakini ukitoka Musina ukaufuata mto Limpopo kwa upande wa magharibi, karibu mwendo wa saa moja kwa gari, unafika pahali mto Shashe unapoingia ndani ya Limpopo. Pale inchi tatu zinaonana: Afrika ya Kusini, Botswana na Zimbabwe. Upande wa Afrika ya Kusini kuna kilima kimoja cha mawe, urefu wake karibu meta 300, na pembeni kimekatika sawa ukuta. Jina lake Mapungubwe. Wengi wanalitafsiri kuwa kilima cha mbweha.

Tumechagua kuandika juu ya kilima kile kwa sababu kinaonyesha wazi namna historia ya watu weusi inavyoweza kufungwa ndani ya sanduku miaka mingi, na ufunguo uko mfukoni mwa watu wa masomo.

Mfalme anapanda juu

Ufalme ule haukuanza juu ya kilima. Tangu karibu mwaka 900 watu waliofuga ng'ombe, waliolima mtama na kufua chuma walikuwa wanakaa katika bonde lile. Kijiji kimoja kikubwa kinaitwa Schroda, jina la shamba la mzungu lililokuja nyuma. Kingine, kilichoanza karibu mwaka 1000, wachimbaji wa vitu vya kale walikiita K2. Jina kama la mashine! Wenyeji wake bila shaka walikuwa na jina lao, ila halikutufikia.

Pale K2 ng'ombe walikuwa wanalala katikati ya kijiji, na nyumba ya mkubwa ilikuwa karibu nao, sawa na katika vijiji vingine vingi vya kusini. Karibu mwaka 1220 watu walihama kwenda Mapungubwe, mbali kidogo tu, karibu kilometa moja. Lakini safari ile fupi ilibadilisha mambo makubwa. Mfalme alipanda juu ya kilima pamoja na jamaa yake na wachache wa kumsaidia. Raia walibaki chini. Ng'ombe hawakuwa tena katikati. Wataalamu wanasema kwamba kilima kile mbele ya pale kilikuwa pahali pa kuomba mvua. Basi mfalme alipojenga juu yake, alikaa mwenyewe ndani ya kazi ya mvua. Mtu anayejua desturi za Waluba juu ya mulopwe, ambaye hakuwa mtu wa kuonwa ovyo, hatashangaa sana.

Juu ya jiwe hakukuwa na udongo wa kutosha. Watu waliubeba kutoka chini, kitunga kwa kitunga. Njia ya kupanda ilikuwa ufa mwembamba ndani ya mwamba, na wakachonga matundu pande mbili ili kupachika miti ya kukanyagia. Wanahesabu kwamba katika siku zake kubwa, muji ule mzima, juu na chini, ulikuwa na watu karibu 5.000. Tunasema ni hesabu ya kukadiria, maana hakuna mtu aliyewaandika.

Mali yao ilitoka wapi? Kwanza ng'ombe. Halafu pembe za tembo, na nyuma dhahabu, ambavyo vilishuka kuelekea bahari ya Hindi, kwenye bandari za inchi tunayoiita leo Msumbiji. Al-Masudi, mwarabu aliyefika pwani ya Afrika mwaka 916, aliandika kwamba inchi ya Sofala ilitoa dhahabu, na kwamba pembe za tembo zilikuwa zinapelekwa Oman na kutoka pale mpaka Uhindi na Uchina. Mambo yale yalipanda pia kinyume: ushanga wa vioo wa maelfu na maelfu, nguo, na hata vipande vya vyombo vya udongo vya kijani kutoka Uchina vimepatikana Mapungubwe. Kilwa, muji wa Waswahili, ilikuja kushika biashara ya dhahabu ya Sofala katika karne ya 13 na ya 14. Kwa hiyo lugha hii tunayoandika hapa ilikuwa na mkono wake ndani ya biashara ile, hata kama hakuna Mswahili anayejulikana kwa jina kwamba alifika Limpopo.

Jambo moja linatupendeza kuliko mengine. Watu wa K2 hawakupokea ushanga wa wageni na kuuvaa tu. Waliuyeyusha ule mdogo mdogo wa kutoka ng'ambo, wakaumwaga ndani ya kalibu za udongo, wakatengeneza shanga kubwa za mtindo wao wenyewe. Nani basi alisema kwamba Mwafrika wa kitambo alikuwa anangojea kupewa?

Karibu mwaka 1300 muji uliachwa. Zamani wengi walisema ni kwa sababu ya ukame. Siku hizi wataalamu wengine wana mashaka na jibu lile. Kinachojulikana ni kwamba biashara ilihamia kaskazini, na Zimbabwe Kubwa, ile ya kuta za mawe, njo iliyopanda wakati Mapungubwe inashuka.

Siku ya mwisho ya mwaka 1932

Wenyeji wa jirani hawakusahau kilima. Walikiogopa. Wazungu walioandika habari zile wanasema kwamba watu hawakupenda hata kukisema, na wengine walikigeuzia mgongo kikitajwa. Kilikuwa pahali pa bankambo.

Mzungu mmoja mwenye kulima na kuwinda, E.S.J. van Graan, alisikia habari zake. Akatafuta mtu wa kumwonyesha njia ya kupanda. Mwafrika mmoja, ambaye jina lake limeandikwa Mowena, mwishoni alikubali kuwaonyesha ufa ule ndani ya mwamba. Tarehe 31 Desemba 1932 van Graan, mtoto wake na wenzao walipanda. Mvua ilikuwa imeosha udongo. Ushanga na vipande vya dhahabu vilikuwa vinaonekana chini. Wakachimba kwa mikono na visu. Wakagawana.

Na hapa ingeweza kuisha sawa mahali pengine pengi, dhahabu ikayeyushwa na kuuzwa kwa kilo. Lakini yule mtoto alikuwa amesoma katika universite ya Pretoria, na aliandika kwa profesa wake wa historia, Leo Fouché. Dhahabu ilirudishwa mikononi mwa universite, serikali ikanunua shamba lile, Greefswald, na universite ikapewa haki ya kuchimba. Wamefanya vizuri katika jambo lile, na ni lazima tuseme hivyo kwanza mbele ya kusema mengine.

Juu ya kilima walikuta makaburi zaidi ya 20. Matatu yalikuwa na dhahabu nyingi, na watu wa namna ile walizikwa wamekaa, si kulala. Mmoja alikuwa na bangili za dhahabu zaidi ya 100. Katika dhahabu ile mlikuwa fimbo ya ukubwa, bakuli, na mnyama mdogo ambaye leo anajulikana duniani pote: kifaru wa dhahabu. Urefu wake ni kama santimeta 15. Fundi alichonga kwanza mti, akaufunika kwa bati jembamba la dhahabu, akalipiga misumari midogo sana ya dhahabu. Mti ulioza, bati likabaki. Kichwa kimeinama kidogo, mabega yamevimba, mkia umesimama. Anayewajua vifaru anasema ni mnyama aliyekasirika. (Kwetu vifaru weupe wa Garamba waliisha kwa bunduki za wawindaji wa wizi. Mwaka 2023 wengine 16 waliletwa kule, nao wametoka Afrika ya Kusini.)

Mifupa haikuwa na bahati ya dhahabu. Mingi ilivunjika na kuwa unga mara ilipoguswa au kupata hewa. Ile iliyosimama ilitiwa ndani ya masanduku na kupelekwa mijini.

Ugomvi juu ya mafuvu

Mara nyingi inasemwa kwamba serikali ya wazungu iliificha Mapungubwe. Kwa kusema kweli mambo yalikuwa magumu kuliko vile. Gazeti za London ziliandika mwaka 1933. Fouché alitoa kitabu kikubwa mwaka 1937, na Guy Gardner, aliyechimba kutoka 1935 mpaka 1940, kitabu chake kilitoka mwaka 1963. Mwenye kutaka kusoma na mwenye pesa ya kununua aliweza. Njia waliyotumia ilikuwa nyingine.

Ndani ya kitabu kile cha 1937 kulikuwa na ugomvi. Wale waliochunguza vyungu, kama John Schofield, walisema: vyungu hivi ni vya Wabantu. Lakini aliyechunguza mifupa, Alexander Galloway, alisema mafuvu si ya Wabantu. Ni ya watu wa jamii ya zamani iliyoitwa Boskop, kwa jina la fuvu lililookotwa Transvaal mwaka 1913. Fikirini, ndugu wasomaji: mtu amezikwa na chungu cha Kibantu, katika nyumba ya Kibantu, na ng'ombe wa Kibantu, halafu mtaalamu anapima kichwa chake na kusema mwenyewe si Mbantu! Gardner akafuata mawazo yale. Ilipita miaka mingi mpaka uchunguzi mpya, karibu mwaka 1970, kuonyesha kwamba mifupa ile ni ya watu weusi wa kusini, na ile jamii ya Boskop ikakosa wa kuitetea.

Kwa nini ugomvi wa mafuvu ulikuwa na uzito? Kwa sababu watoto katika shule za Afrika ya Kusini walikuwa wanafundishwa kwamba wazungu waliofika Cape mwaka 1652 na Wabantu walioteremka kutoka kaskazini waliingia inchi karibu wakati mmoja, kwa hiyo hakuna aliyemtangulia mwenziwe. Inchi ilikuwa tupu, na kila mmoja akachukua kipande chake. Juu ya neno lile walijenga sheria za ardhi, walijenga bantustan, walifukuza watu kwenye mashamba. Kumbe vichwa vya udongo vya Lydenburg vina umri wa karibu miaka 1.500, na mfalme wa Mapungubwe alikuwa anavaa dhahabu miaka 400 mbele ya meli ya kwanza ya Jan van Riebeeck. Haikuwa lazima kuchoma kitabu cha Fouché. Ilitosha kisiingie darasani.

Shamba lenyewe lilipita mambo mengi. Serikali ya Smuts ilifanya parke kubwa ya Dongola mwaka 1947; chama cha apartheid kilipokamata utawala mwaka 1948, hakikungoja, parke ikafutwa mwaka 1949. Nyuma jeshi liliweka kambi pale Greefswald. Raia mweusi aliyetaka kwenda kusalimia makaburi ya bankambo wake, angepita wapi?

Bendera mpya, sanduku la zamani

Nyuma ya uchaguzi wa 1994 mambo yaligeuka haraka. Universite ya Pretoria ilifungua muze yake ya Mapungubwe mbele ya watu mwaka 2000. Mwaka 2002 prezida Thabo Mbeki alianzisha nishani kubwa ya inchi, Nishani ya Mapungubwe, yenye sura ya kifaru, na wa kwanza kuipokea alikuwa Nelson Mandela. Mwaka 2003 UNESCO iliandika Mapungubwe katika urithi wa dunia nzima. Parke ikapewa jina la kilima mwaka 2004. Hata nyumba ya kupokea wageni, iliyochorwa na Peter Rich, ilishinda tuzo kubwa ya majengo ya dunia kule Barcelona mwaka 2009. Paa zake za mviringo zilijengwa kwa matofali membamba ya udongo yaliyotengenezwa palepale na watu wa jirani waliokuwa hawana kazi.

Yote ile ni nzuri. Lakini familia zilikuwa zinauliza kitu kingine. Zilikuwa zinauliza: watu wetu wako wapi? Watu wa Venda kupitia chama chao cha Vhangona, Walemba, jamaa za Machete, za Leshiba, za Tshivhula, kila mmoja alisema ana undugu na wale waliozikwa. Hapa wataalamu walikuwa na shida, na tunaielewa. Miaka 700 imepita. Nani anaweza kuonyesha kwa karatasi kwamba yeye ni mjukuu wa mfalme yule? Wangeweza kusema: mugombane kwanza, mukimaliza muje. Wangengoja mpaka leo.

Ilikuwa tayari kuna mfano. Thulamela, muji mwingine wa kuta za mawe ndani ya parke ya Kruger, wachimbaji walipokuta makaburi ya wakubwa, walizungumza na wenyeji, na mwaka 1997 mifupa ilirudishwa ardhini. Kwa Mapungubwe jamaa zile mwishoni zilikubali kusimama pamoja, bila kukata neno la nani ndiye mwenyewe. Mwezi wa Novemba 2007 mifupa iliyokuwa Pretoria na mahali pengine ililetwa Mapungubwe na kuzikwa kwa desturi, mbele ya wazee na wakubwa wa serikali. Miaka 70 na zaidi ilikuwa imepita ndani ya masanduku.

Dhahabu haikuzikwa. Kifaru, fimbo, bakuli, bangili, vyote vimebaki mikononi mwa universite. Kuna sababu: kaburi lenye dhahabu lingechimbwa na wezi kabla ya mwezi kwisha, na kifaru ni mali ya taifa tangu 1999. Sababu ile tunaisikia. Hata hivyo kuna kitu hakitulii. Yule aliyezikwa na bangili 100 hakupewa bangili zile na taifa. Alipewa na watu waliomlilia. Amerudi kaburini mikono mitupu. Kama wataalamu wanasema kwamba chungu na mfupa vinasomwa pamoja, mbona katika kuzika vimetenganishwa?

Na sisi?

Tungeweza kusema ni mambo ya watu wa kusini. Lakini tazameni kwetu. Wakati ule ule Mapungubwe ilipokuwa na nguvu, kandokando ya ziwa Kisale, pale Sanga, watu walikuwa wanazika wafu wao na vyungu vya ajabu, vyuma, mapambo ya shaba, na mara chache ushanga au kauri kutoka bahari ile ile ya Hindi. Makaburi yale yalichimbwa mwaka 1957 na 1958, na kitabu cha Jacques Nenquin juu ya kazi ile kilitolewa Tervuren, Ubelgiji, mwaka 1963, kwa Kiingereza. Mwalimu wa shule ya Bukama au ya Malemba Nkulu angekipata wapi, na angekisoma namna gani? Ile si kuficha. Ni ile ile njia ya Pretoria: kitu kimeandikwa, lakini mwenye kitu hakijui.

Kuna na habari ya Lusinga, mkubwa wa Watabwa upande wa Tanganyika. Mwaka 1884 watu wa Emile Storms, yule mzungu wa Mpala, walimuua na kumkata kichwa. Fuvu lake lilivuka bahari, likapimwa, likawekwa katika taasisi ya sayansi kule Brussels. Storms alikusanya sanamu za wakubwa wale wale, nazo zikaenda Tervuren. Fuvu huku, sanamu huku. Hata kwetu walijua kutenganisha. Mwaka 2022 jino la Patrice Lumumba lilirudi, na tumeona namna watu walivyotoka barabarani, Onalua mpaka Shilatembo. Kwa jino moja. Watabwa wangefanya nini kwa kichwa kizima?

Mtu akipata nafasi ya kusimama Musina siku mbili, parke inapokea wageni. Hakupandwi kilima bila mwongozi. Siku hizi wameweka ngazi ya mbao karibu na ule ufa wa zamani, na ukitazama pembeni unaona matundu ya miti ya kukanyagia bado yako ndani ya mwamba. Juu hakuna nyumba tena. Kuna upepo, kuna mashimo ya nguzo, na katika jiwe kuna mistari ya vitundu vidogo vilivyochongwa kwa mpango. Mgeni wa Ulaya anahitaji kuelezwa. Mtu wa Katanga hahitaji: ni kisolo.